Jina Lako, Vyombo vya Nani?



Ukisikia jina la mtu mashuhuri, yaani mtu anayejulikana na wengi, jambo la kwanza linalokujia kichwani ni fedha. Tunadhani kila anayeimba redioni analala juu ya noti. Vijana wetu wa Mpanda wanadhani hivyo hivyo, na ndiyo maana wengine wanaliweka jembe chini na kupanda treni kwenda Tabora, na kutoka hapo kuendelea mpaka Dar es Salaam. Wazazi wengi katika vikundi vya kisomo wametuuliza: je, tuwazuie au tuwasindikize?

Hatuwezi kulijibu swali hilo kwa neno moja. Leo tutasoma maisha ya watu wachache wenye majina makubwa, halafu kila mmoja wetu tutamwuliza swali moja tu: vyombo vilikuwa vya nani? Kwa vyombo hatusemi magitaa na ngoma peke yake. Tunasema kitu chochote kinachofanya kazi ya msanii iwafikie watu: gitaa, kipaza sauti, mkanda wa kurekodia, sahani ya santuri, na siku hizi simu na kompyuta. Na karatasi pia ni chombo. Karatasi tutaifikia.

Tuanze na Bibi Siti binti Saad. Alizaliwa kijiji cha Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, katika ukoo wa watu waliopata kuwa watumwa. Jina lake la utotoni lilikuwa Mtumwa. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuuza vyungu, na sauti yake ya kunadi biashara ndiyo iliyowafanya watu wamgeukie. Shuleni hakwenda. Alipohamia mjini mwaka 1911 alifundishwa kuimba kwa kufuata vyombo, na nyimbo alizishika kwa moyo, hakuzisoma popote. Mwaka 1928 alisafiri na wenzake mpaka Bombay, Bara Hindi, kurekodi sahani za santuri. Fikirini jambo hilo: mwanamke aliyekuwa akiuza vyungu, asiyejua kusoma, anavuka bahari kwa sababu ya sauti yake! Sahani hizo ziliuzwa pwani yote ya Afrika Mashariki na hata mbali na pwani.

Sasa tuulize swali letu. Mashine ya kurekodi ilikuwa ya nani? Ilikuwa ya kampuni ya kigeni. Sahani zilitengenezwa na kampuni, zikauzwa na kampuni. Bibi Siti alikuwa na sauti na alikuwa na wenzake. Alifariki mwaka 1950. Kwamba leo tunaweza kuyaeleza maisha yake ni kwa sababu kubwa moja: mwandishi Shaaban Robert aliyaandika kitabuni. Sauti ilikuwa ya Siti, lakini kumbukumbu iliokolewa na kalamu ya mtu mwingine.

Tuje sasa kwenye muziki wa dansi, ambao wazee wa hapa wanaukumbuka vizuri zaidi. Tabora jirani yetu ilikuwa na bendi zake: Kiko Kids, Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz. Ukiwataja mbele ya mzee aliyekuwa kijana wakati ule, jiandae kukaa mpaka jioni.

Bendi nyingi za siku zile hazikuwa mali ya wapigaji. Mwenye bendi alikuwa yule aliyenunua vyombo. Angeweza kuwa mfanyabiashara, shirika la umma, jeshi, au chama cha wafanyakazi. NUTA Jazz, kwa mfano, ilianzishwa mwaka 1964 na chama cha wafanyakazi cha NUTA, na wapigaji wake walikuwa wafanyakazi wa kulipwa mshahara. Bendi hiyo ilibadili jina mara kadhaa kufuata majina ya chama, ikaitwa Juwata, ikaitwa OTTU, na watu wakaizoea kwa jina la Msondo. Mshahara ulikuwa jambo jema. Mpigaji alijua mwisho wa mwezi atapata kitu hata kama mvua imewazuia watu kuja dansini. Lakini siku alipogombana na mwenye vyombo aliondoka na vidole vyake tu. Gitaa lilibaki.

Mfano mkubwa ni Remmy Ongala. Alizaliwa mwaka 1947 huko Kongo, akaja Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga katika bendi ya Makassy, na baadaye akaingia bendi ya Matimila. Wengi wanadhani Matimila ni jina la wimbo au la mji. Kumbe lilitokana na jina la mfanyabiashara mwenye vyombo! Remmy ndiye aliyeimba, ndiye aliyewaliza watu kwa nyimbo za maisha ya mnyonge, lakini jina lililoandikwa kwenye ngoma lilikuwa la mwenye mali. Kuanzia mwaka 1988 alianza kwenda Ulaya kwenye matamasha, na baadaye kampuni moja ya Uingereza ikatoa sahani zake. Alifariki Desemba 2010. Pale Sinza, Dar es Salaam, kituo cha basi bado kinaitwa Kwa Remmy. Makondakta wanalitaja jina lake kutwa nzima, na wengine hawajui walimtaja nani.

Na Mbaraka Mwinshehe je? Huyu alipata sifa akiwa na Morogoro Jazz. Mwaka 1970 bendi hiyo ilikwenda mpaka Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia. Mwaka 1973 Mbaraka aliondoka akaanzisha bendi yake, Super Volcano. Sahani zake zilitolewa Nairobi. Januari 1979 alifariki katika ajali ya gari huko Mombasa. Alikuwa na umri wa miaka 34. Mpaka leo nyimbo zake zinapigwa kwenye redio, kwenye mabasi na kwenye simu za watu. Mtu anayefariki na miaka 34 anaacha watoto wadogo. Wimbo unaendelea kufanya kazi baada ya mtunzi kuzikwa. Kinachobaki ni kujua ujira wa kazi hiyo unakwenda mkono wa nani.

Hapa lazima tuitaje redio. Kwa miaka mingi Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa redio pekee Tanzania Bara, mpaka zilipoanza redio za watu binafsi katika miaka ya tisini. Ndiyo iliyorekodi bendi katika studio zake, ikazifikisha nyimbo mpaka Inyonga na Karema. Bila redio hiyo bendi nyingi zisingejulikana nje ya mtaa wao, na nyimbo nyingi zingepotea kabisa. Hilo tulikubali. Lakini mkanda ulibaki kwenye rafu za redio, na mwanamuziki alirudi nyumbani na sifa. Watangazaji nao walijulikana kwa sauti kuliko kwa sura. Mtangazaji wa mpira angeweza kusimama sokoni Mpanda asitambuliwe na mtu, mpaka afungue mdomo kuuliza bei ya mchele.

Michezo ina hesabu yake tofauti, kwa sababu chombo cha mkimbiaji ni miguu yake mwenyewe. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi wa Tanzania alikimbia mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Hakuna mtu duniani aliyekuwa amekimbia hivyo. Tufanye hesabu kidogo. Dakika 3 ni sekunde 180. Jumlisha 32.2, unapata sekunde 212.2. Gawa kwa 15, unapata sekunde 14 na kidogo kwa kila mita 100. Mwambieni kijana hodari wa timu ya kijiji akimbie mita 100 kwa sekunde 14. Huenda akaweza. Halafu mwambieni arudie mara 15 bila kusimama!

Bayi alikuwa askari wa jeshi letu. Wakimbiaji wa wakati ule walikuwa wa ridhaa. Hawakuruhusiwa kukimbia kwa malipo kama wanavyofanya wa leo. Mei 1975 alivunja rekodi ya dunia ya maili moja, lakini Agosti ya mwaka huo huo John Walker wa New Zealand akaichukua. Mwaka 1976 Tanzania haikwenda Olimpiki ya Montreal, pamoja na nchi nyingi za Afrika, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Mwaka 1980 huko Moscow, Bayi alipata medali ya fedha katika mita 3000 za kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui akapata ya fedha katika mita 5000. Kutoka Christchurch mpaka Moscow ni miaka sita tu. Miguu haina miaka mingi. Baadaye Bayi na mkewe walianzisha shule, na mwenye shule hahitaji kukimbia kwa sekunde 14.

Mchoraji Edward Saidi Tingatinga alipata muda mfupi zaidi. Alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akafanya kazi za vibarua, na mwaka 1968 akaanza kuchora wanyama na ndege kwenye vibao vya mraba kwa rangi za kawaida za dukani. Picha ziliuzwa nje ya duka moja Oysterbay, Dar es Salaam. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi kwa kudhaniwa mhalifu, akafa. Miaka minne tu! Ndugu zake aliowafundisha waliendelea, wakaunda chama chao cha ushirika. Jina lake sasa ni jina la aina nzima ya uchoraji. Tembo na twiga wanaofanana na wake wanauzwa viwanja vya ndege na mitaa ya Ulaya, na wengi wanaowauza hawana uhusiano wowote na ukoo wake wala na ushirika ule.

Sasa karatasi. Hivi karibuni mama mmoja alituletea karatasi aliyopewa mwanawe na mwenye studio ya kurekodi nyimbo, aweke saini. Mama huyu amefuzu kisomo, alikuwa ameisoma mwenyewe mara mbili. Alikuwa amepigia mstari maneno mawili: "moja kwa moja". Karatasi ilisema kijana anatoa haki zote za nyimbo zake moja kwa moja. Malipo yake yalikuwa kurekodiwa bure. Ukimsikiliza kijana, amepata bahati. Ukiisoma karatasi, nyimbo si zake tena, hata watoto wake hawatazipata. Mama akamwambia, "Usiweke saini mpaka waseme ni miaka mingapi." Kijana alinuna siku tatu. Kisha akarudi kwa mwenye studio na swali hilo, na mwenye studio akaandika miaka mitatu. Hakukasirika hata kidogo. Inaonekana hakuna aliyewahi kumwuliza.

Tunaye mtetezi wa kisheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inasema kazi inalindwa tangu inapotungwa, na iliweka ulinzi huo udumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kusajili kazi kunasaidia kuthibitisha kuwa ni yako ukidhulumiwa. Kwa huku kwetu, mahali pa kuanzia ni kwa Afisa Utamaduni wa halmashauri yako, iwe Mpanda, Nsimbo, Mlele, Mpimbwe au Tanganyika. Mwulize jinsi ya kusajili wimbo, na uende na karatasi yako kabla ya kuitia saini. Ukienda baada ya saini, atakuhurumia tu.

Kama huna pa kusajili leo, andika maneno ya wimbo wako kwenye daftari, weka tarehe, taja mlioimba pamoja, na kila mmoja aweke saini yake. Kwaya na vikundi vya ngoma vifanye hivyo pia. Wimbo wa kikundi una ugomvi mwingi kuliko wa mtu mmoja.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Katika kijiji chenu, vyombo vya kwaya au vya ngoma ni vya nani? Mwimbaji akihama, anaondoka na nini?

2. Bayi alivunja rekodi akiwa na miaka 20, Mbaraka alifariki na miaka 34, Tingatinga alichora kwa miaka minne. Mtu anayejulikana akiwa kijana aanze lini kuandaa kazi ya pili, na kazi gani inafaa hapa Katavi?

3. Someni mkataba wowote mlio nao, hata wa kuuza tumbaku au kukodi shamba. Tafuteni ndani yake: nani anatoa, nani anapokea, kwa muda gani. Je, kuna neno mlilolikuta ambalo hakuna aliyelielewa? Litumeni kwetu, tutalieleza katika toleo lijalo.