Kulijenga Upya Gari la Zamani kwa Bodi ya Gari Jingine

Katika Wilaya ya Sikonge gari la zamani halitupwi kirahisi. Land Rover iliyoletwa na misheni au na mradi fulani miaka arobaini iliyopita bado hubeba mizinga kwenda porini, marobota ya tumbaku kwenda ghala la chama cha msingi, na wagonjwa kwenda hospitali pale ambapo gari jingine halifiki. Injini yake imekwisha kufunguliwa mara nyingi, gia boksi imebadilishwa, na mwenye gari anaufahamu kila mlio wake. Kinachomshinda mwishowe ni bodi: milango haifungi, sakafu imetoboka, na ukuta unaotenganisha injini na dereva umeliwa na kutu. Hapo ndipo fundi humshauri atafute gari la kuchinjwa, yaani gari lisilotembea tena lakini ambalo bodi yake ingali nzima, ili bodi hiyo ihamishiwe kwenye gari lake.

Ushauri huo si mbaya. Land Rover za zamani na Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 70 zina bodi iliyofungwa kwa boliti juu ya chasisi, tofauti na magari mengi madogo ya siku hizi ambayo bodi na chasisi ni kitu kimoja. Boliti zikifunguliwa na nyaya zikitenganishwa, bodi huinuliwa na watu au kwa mnyororo uliofungwa kwenye mti wenye nguvu. Lakini kazi hii humeza fedha ambazo mkulima wa tumbaku huzipata mara moja tu kwa mwaka, na akikosea hatua za mwanzo hurudi nyumbani bila gari na bila fedha. Tena yuko anayerudi na gari zuri linalotembea, kumbe kwa mujibu wa sheria si lake. Kwa sababu hiyo tutaanza na suala la umiliki, ingawa wateja wengi hulifikiria mwisho.

Gari lililobaki ni lipi?

Tuchukue mfano. Kikundi cha wafuga nyuki kina Land Rover ya kijani, nayo ina kadi halali kwa jina la kikundi. Kinanunua nyingine nyeupe ambayo imekaa bila injini nyuma ya gereji kwa miaka sita. Magari yote mawili yanakabidhiwa kwa fundi mmoja, na baada ya miezi miwili linatoka gari moja. Je, ni lipi kati ya hayo mawili?

Jibu linategemea chasisi. Namba inayolitambulisha gari imegongwa kwenye chuma cha chasisi, na katika magari haya kwa kawaida huonekana upande wa kulia, karibu na gurudumu la mbele. Namba hiyo ndiyo iliyoandikwa katika kadi ya usajili inayotolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), pamoja na namba ya injini, aina ya bodi na rangi. Ikiwa fundi amechukua bodi nyeupe na kuifunga juu ya chasisi ya gari la kijani, basi gari la kikundi ni lile lile la zamani. Vibao vya namba havibadiliki. Kinachotakiwa ni kutoa taarifa TRA kwamba rangi, na pengine aina ya bodi, vimebadilika, ili kadi irekebishwe. Kadi inayosema kijani wakati gari ni jeupe ni sababu tosha ya askari wa usalama barabarani kulisimamisha gari na kutaka maelezo, na kampuni ya bima nayo inaweza kuleta hoja siku ya ajali.

Mara nyingi, hata hivyo, mambo hayaendi hivyo. Fundi akishainua bodi ya gari la kijani hugundua kwamba chasisi yake imeoza kwa ndani, na kwamba ile ya gari jeupe ni nzima. Kwake yeye njia nyepesi ni kuhamisha injini na gia boksi kuzipeleka kwenye gari jeupe, kisha kufunga vibao vya namba vya gari la kijani. Hatusemi kwamba anafanya hivyo kwa hila. Wengi hufanya kwa nia ya kumpunguzia mteja gharama. Lakini sasa gari linalotembea barabarani ni lile jeupe, limevaa namba za gari jingine, na kadi aliyonayo mteja haihusiani nalo. Likikaguliwa litazuiliwa. Likiuzwa, mnunuzi atakapolinganisha namba ya chasisi na kadi atadai kurudishiwa fedha zake, naye atakuwa na haki.

Njia hiyo ya pili yenyewe haikatazwi. Inawezekana kabisa kulifanya gari jeupe kuwa gari la kikundi, mradi lilinunuliwa kwa hati, umiliki wake umehamishwa kwa jina la kikundi, na mabadiliko ya injini yametolewa taarifa. Tunachosisitiza ni kwamba uamuzi huo ni wa mwenye gari. Fundi hana mamlaka ya kuuchukua peke yake akiwa gereji.

Ipo njia ya tatu, nayo hatuwezi kuishauri hata kwa mtu aliyebanwa sana: kukikata kipande cha chuma chenye namba kutoka chasisi iliyooza na kukichomelea kwenye chasisi nzima. Kufanya hivyo ni kosa la jinai. Kovu la kuchomelea huonekana kwa mkaguzi hata likifunikwa kwa rangi nzito, na anayekutwa na gari ndiye anayeanza kuhojiwa, hata kama alilinunua kwa nia njema.

Kabla ya kulipa hata shilingi moja kwa gari la kuchinjwa, ombeni kadi yake na jina la aliyeandikwa humo. Sugueni mahali pa namba kwa brashi na mafuta ya taa, si kwa grainda, kisha isomeni juani tarakimu moja baada ya nyingine huku mwenzenu akiitazama kadi. Ombeni pia mkaguzi wa magari wa polisi alithibitishe. Ikiwa gari limetoka katika mnada wa serikali au wa mradi, na bado lina herufi kama ST, SM au DFP, hati ya mnada ndiyo msingi wa kila kitu kitakachofuata. Ulizeni mapema kama limeuzwa ili lisajiliwe tena kwa namba za binafsi au limeuzwa kama chakavu tu. Muuzaji anayesema kwamba karatasi zitafuata baadaye huenda anasema kweli, lakini msimlipe mpaka zifike.

Je, bodi itakaa?

Majina ya magari haya huwadanganya watu. Land Rover 109, iliyoendelea kutengenezwa mpaka mwaka 1985, na Land Rover 110, iliyotoka mwaka 1983, zimepewa majina kutokana na umbali wa inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Mtu huona kwamba tofauti ni inchi moja, akadhani bodi ya moja itakaa juu ya nyingine bila shida. Lakini 109 hutumia springi za majani, na 110 hutumia springi za koili, hivyo chasisi zake hazifanani na mahali pa kufungia bodi hapalingani kote. Kazi inawezekana, ila ni kazi ya kutengeneza vishikio vipya, na gharama yake haimo katika bei ya kwanza aliyotaja fundi. Kwa Toyota tofauti ni kubwa zaidi: pikapu ya 75 ina milimita 2,980 kati ya ekseli zake, na ile ya 79, iliyotoka mwaka 1999, ina milimita 3,180. Hizo ni sentimeta ishirini kamili. Bodi ya nyuma ya moja ikifungwa juu ya nyingine bila marekebisho, gurudumu halitakaa katikati ya upinde wake.

Kuhusu kutu, watu husema kwamba Land Rover haishiki kutu. Kauli hiyo ina nusu ya ukweli. Gari hilo lilipozinduliwa mwaka 1948, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, na bodi ikatengenezwa kwa mchanganyiko wa aluminiamu. Lakini chasisi ni chuma, na ukuta wa mbele ya dereva pia ni chuma. Tena pale aluminiamu inapogusana na chuma na unyevu ukaingia kati yake, aluminiamu ndiyo inayoliwa na kubaki unga mweupe. Kwa hiyo bodi ya kuchinjwa itazamwe kwenye viungo, chini ya mikeka na nyuma ya matundu ya boliti. Rangi mpya isiwapumbaze.

Chasisi igongwe kwa nyundo ndogo kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima hutoa mlio mkali, na kilichooza hulia kama debe lenye mchanga. Gongeni zaidi ule mhimili wa nyuma kabisa unaokaa kati ya magurudumu ya nyuma na bampa, kwa kuwa huko tope la masika hubaki muda mrefu. Kisha pimeni kwa futi ya utepe kutoka kona ya mbele kulia hadi ya nyuma kushoto, na kutoka kona ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia. Vipimo viwili visipolingana, chasisi imepinda, na bodi yoyote itakayowekwa juu yake itakuwa na milango isiyofunga. Kipimo hiki hakihitaji fundi, nasi tunashauri mteja akifanye mwenyewe.

Lami imebadilisha hesabu

Zamani gari la namna hii lilikwenda polepole katika udongo na mchanga, na breki dhaifu zilivumilika. Sasa barabara kutoka Tabora kupitia Sikonge na Ipole hadi Mpanda ni ya lami. Gari lile lile linakimbia mwendo ambao fundi wake wa zamani hakuufikiria, nyuma ya mabasi na malori. Land Rover za mfululizo wa zamani zina breki za ngoma kwenye magurudumu yote manne. Zikifanyiwa kazi vizuri zinasimamisha gari, lakini hazisamehe uzembe. Kwa hiyo bodi inapokuwa imeinuliwa, na kila kitu kiko wazi, badilisheni mabomba na mipira ya breki, kagueni masta silinda, na kagueni viungo vya usukani na bushi. Kazi hiyo wakati huo ni ya siku moja au mbili. Bodi ikishafungwa itakuwa ya wiki.

Uzito pia uangaliwe. Mafundi wengi huongeza bodi ya nyuma ya mabati mazito na vyuma vya pembe ili gari lionekane imara, na kila kilo inayoongezwa hivyo inapunguza mzigo ambao gari linaruhusiwa kubeba. Wapagazi wa Kinyamwezi waliopita njia hizi katika karne ya 19, wakati misafara ikitoka Bagamoyo kwenda Ujiji kupitia Tabora, walibeba mzigo wa kama frasila mbili, yaani kilo zipatazo 32, na mzigo uliozidi desturi ulizua mgomo kabla safari haijaanza. Gari haligomi asubuhi. Huvunjika springi likiwa mbali na kijiji. Na kama gari litabeba abiria au mizigo kwa malipo, leseni ya LATRA inahitajika, na bodi ilingane na kazi hiyo.

Fedha na mapatano na fundi

Mapatano ya mdomo yanatambuliwa na sheria, lakini ni magumu kuthibitishwa. Andikeni karatasi moja, kwa Kiswahili cha kawaida, itaje namba za chasisi zote mbili, iseme ni chasisi ipi itakayobaki, ni sehemu zipi zitahamishwa, na mabaki ya gari la pili ni ya nani. Hilo la mwisho husahaulika kabisa. Fundi huona ni desturi kubaki na ekseli, difu na vioo vilivyosalia, na mteja hukuja na pikapu kuvichukua asivikute. Vyote viwili vinaweza kuwa sawa, mradi vimekubaliwa na bei imezingatia hilo. Mashahidi wawili waweke saini, na kila upande ubaki na nakala.

Msilipe fedha zote mwanzoni. Lipeni kwa hatua zinazoonekana kwa macho: bodi ya zamani ikishatolewa na chasisi kukaguliwa, breki zikishakamilika, bodi mpya ikishafungwa, na sehemu ya mwisho baada ya gari kujaribiwa barabarani. Hatua ya kwanza ndiyo yenye thamani kuliko zote, kwa sababu hapo mnaiona chasisi ikiwa uchi na bado mnaweza kuahirisha kazi. Pigeni picha kwa simu siku hiyo, namba ikionekana. Dai risiti kwa kila malipo, na kwa spea zilizonunuliwa dukani dai risiti ya mashine ya EFD.

Ikitokea mgogoro, anzeni kwa barua kwa fundi inayoeleza kasoro na muda mnaompa wa kuirekebisha. Sheria ya Ushindani, Na. 8 ya mwaka 2003, inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji, na malalamiko ya aina hiyo hupokelewa na Tume ya Ushindani (FCC). Madai ya fedha yanaweza kupelekwa Mahakama ya Mwanzo ikiwa kiasi kiko ndani ya mamlaka yake. Ikiwa namba ya chasisi imeguswa, nendeni polisi kwanza kabla ya kwenda popote pengine, na gari lisiendeshwe. Mnapokwenda chukueni kadi za magari yote mawili, hati ya mauziano au ya mnada, karatasi ya mapatano, risiti, na zile picha za siku bodi ilipoinuliwa.