Kiinimacho cha Doctor Psycho

Vijana, mnamjua Wonder Woman? Mwaka 1943, katikati ya Vita Kuu ya Pili, kitabu chake cha katuni huko Marekani kilileta adui mpya, Doctor Psycho. Huyu bwana hategemei ngumi, anategemea kiinimacho. Anajivika sura ya George Washington, rais wa kwanza, anawatangazia watu eti wanawake wasiachiwe kuunda vipuri vya ndege, wataisaliti nchi! Nani atabisha, na mzee wa taifa ndiye kasema? Kumbe nguvu zenyewe si zake. Anazipata kwa Marva, msichana aliyempumbaza akili mpaka akamwoa.

Jadilini darasani: uongo gani kuhusu wasichana mmeusikia kwa watu mnaowaheshimu?