Namna ya Kuchanja Kuni kwa Shoka na Kabari

Wanafunzi wengi hudhani ya kuwa kuchanja kuni ni kazi ya mwenye misuli tu, wala haina jambo la kujifunza. Mimi naona sivyo. Kazi hii nilifundishwa na babu yangu nyumbani kwetu Njombe, na hapa shuleni huifanya kila inapofika zamu ya bweni letu. Nilipoingia kidato cha tatu nikaona kwamba mengi aliyonieleza babu yamo katika masomo yetu ya fizikia na biolojia. Basi katika makala haya nitaeleza vyombo vinavyotumika, namna ya kuusoma mti, namna ya kupiga, na mwisho faida yake kwa wapishi wetu na mama zetu.

Vyombo

Wahenga walisema, shoka lisilo mpini halichanji kuni. Yako mashoka ya namna mbili. Shoka la mhunzi wa kienyeji lina ulimi mwembamba upande wa nyuma, na ulimi huo hupenya katika tundu lililotobolewa kwenye kichwa kinene cha mpini. Kila ukipiga, ulimi huzidi kuingia na shoka hukaza. Shoka la dukani ni kinyume chake: tundu limo katika chuma, na mpini ndio unaopenya. Hili likilegea, chuma huweza kuchomoka na kuruka. Kwa hiyo sharti ulikague kila siku kabla ya kuanza kazi.

Watu wengine wakiona mpini umelegea hulitumbukiza shoka katika ndoo ya maji. Ni kweli mti hufura kwa maji ukakaza, lakini ukikauka hunywea tena, na hatari hurudi pale pale. Dawa ni kupigilia kabari ndogo kwenye ncha ya mpini, au kuchonga mpini mpya.

Chombo cha pili ni kabari. Iko kabari ya chuma na iko ya mti mgumu uliokauka. Kabari ya chuma hupigwa kwa nyundo kubwa, na ya mti hupigwa kwa nyundo ya mti. Haifai kuipiga kabari ya chuma kwa mgongo wa shoka, maana tundu la shoka huharibika, na vipande vya chuma huweza kukurukia machoni.

Kabari ni mashine rahisi. Chukua kabari yenye urefu wa sentimita 20 na unene wa sentimita 4. Ikizama yote, imekwenda sentimita 20 lakini imeupanua ufa kwa sentimita 4 tu. Gawanya 20 kwa 4, utapata 5. Maana yake, kama hakuna msuguano, kani inayotanua gogo ni mara 5 ya ile uliyoitia juu. Kwa kweli msuguano upo na hula sehemu kubwa, lakini msuguano huo huo ndio unaoizuia kabari isirudi juu.

Kuusoma mti

Kukata na kuchanja ni mambo mawili. Ukikata, unavuka nyuzi za mti na kuzikatiza. Ukichanja, unazifuata nyuzi na kuziachanisha. Nyuzi hizo husimama kwa urefu wa shina, nazo zina nguvu nyingi kwa urefu wake, lakini zimeshikana kwa udhaifu ubavuni. Babu alikuwa akiniambia, "Mjukuu wangu, usipigane na mti. Uulize kwanza unataka kufunguka wapi."

Gogo hujibu swali hilo kwa nyufa zake. Litazame kwenye ncha, utaona nyufa ndogo zitokazo katikati kwenda kwenye gome, kama spoku za baisikeli. Sababu yake ni kwamba mti ukikauka hunywea kwa kuzunguka shina karibu mara mbili ya unavyonywea kutoka gome kwenda katikati. Basi mzunguko hupungua, nao hupasuka. Weka makali ya shoka juu ya ufa uliokwisha kuanza, nawe utakuwa umepunguziwa kazi.

Kisha tafuta fundo, yaani mahali tawi lilipoota. Hapo nyuzi huzunguka na kupindana. Usipige juu ya fundo. Pitisha ufa kando yake. Gogo likiwa nene sana, usianze katikati. Banduabandua pembeni kwanza, ukilizunguka, hata libaki dogo.

Miti nayo haifanani. Mvule na mkangazi zina nyuzi zinazopishana, tabaka moja likielekea huku na jingine kule, kwa hiyo huchanjika kwa taabu. Mikaratusi huchanjika vyema zaidi ikiwa bado mibichi, kuliko ikiachwa ikauke na magome yake.

Namna ya kupiga

Lisimamishe gogo juu ya kisiki kipana, kisichozidi magoti kwa urefu, ili shoka likikosea lizame katika kisiki, lisije mguuni. Vaa viatu. Panua miguu, na hakikisha hakuna mtu mbele yako wala nyuma yako, hasa watoto. Inua shoka, na wakati wa kulishusha kunja magoti kidogo, ili makali yashuke wima.

Usitumie nguvu kulisukuma, lipe mwendo. Fizikia yatufundisha kwamba uzito wa shoka ukizidi mara mbili, nishati yake huzidi mara mbili. Lakini mwendo ukizidi mara mbili, nishati huzidi mara nne. Ndiyo maana mtu mwembamba mwenye shapa humshinda mwenye misuli anayebeba shoka zito asiloweza kuliharakisha. Shoka likinasa, usilivute kwa hasira. Tia kabari katika ufa uliofunguka, uigonge, nalo shoka litaachiliwa lenyewe.

Faida yake

Ukuni mbichi aghalabu karibu nusu ya uzito wake ni maji. Kuligeuza kilo 1 la maji hayo kuwa mvuke kwahitaji zaidi ya kilojuli 2,500, na joto hilo lote hutoka motoni bila kuivisha chakula. Tena moto hupoa, na moshi huzidi.

Gome huyazuia maji yasitoke. Fikiri gogo la urefu wa sentimita 40 na upana wa sentimita 20. Gome lake lina eneo la sentimita za mraba 2,500 na kidogo. Ulichanje mara nne, utapata nyuso mpya zisizo na gome zenye eneo la sentimita za mraba 3,200. Hapo ndipo maji hupata mlango wa kutokea.

Jambo hili si dogo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa kwa sababu ya hewa chafu ya majumbani, itokayo hasa katika kupikia kwa kuni, mkaa na mafuta ya taa. Kuni kavu haziondoi moshi wote, na jiko lenye bomba lahitajika pia. Lakini mama anayepulizia moto wa kuni mbichi, machozi yakimtoka na mtoto akiwa mgongoni, anavuta moshi ambao tungeweza kuupunguza sisi vijana kwa kazi ya asubuhi moja.

Kwa hiyo nawashauri wenzangu tutakaporudi makwetu: chanjeni kuni mwanzoni mwa kiangazi, msingoje siku ya kupika. Zipangeni juu ya mawe au magogo mawili, zisiguse udongo, mkiacha nafasi upepo upite, na juu mziezeke. Chukueni ukuni mmoja mliouchanja, mpime uzito wake kila juma na kuuandika. Siku utakapoacha kupungua, mpelekeeni mama jikoni.

Maswali

1. Kabari ya urefu wa sentimita 24 na unene wa sentimita 3 huzidisha kani mara ngapi, kama hakuna msuguano?
2. Kwa nini nyufa za gogo hutoka katikati kwenda kwenye gome?
3. Gogo la urefu wa sentimita 50 na upana wa sentimita 30 likichanjwa mara nne, nyuso mpya zitakuwa na eneo gani?