Mimea ya Asili Kuokoa Kingo za Mabwawa

Bwawa lenye kingo tupu halidumu. Mvua husomba udongo na kuuingiza ndani, kina hupungua, na maji hukauka mapema kiangazi kinapofika. Vyura na ndege nao hukosa pa kujificha na kutagia. Mimea ya asili ikipandwa vizuri hushika udongo na kuwarudisha viumbe hao.

Mipando mitatu

Upanzi hufuata unyevu, kutoka majini kuelekea nchi kavu:

1. Kwenye maji ya kina kifupi hupandwa yungiyungi, ambalo majani yake huwapa samaki kivuli.
2. Kwenye tope hupandwa mafunjo na matete. Kwera husuka viota humo, na kereng'ende hutua hapo.
3. Kwenye nchi kavu hutangulia ukoka, unaotambaa na kufunika udongo haraka. Nyuma yake hufuata mikuyu na migunga.

Jinsi ya kupanda

Kazi hii hufaa mvua zinapoanza, Machi au Oktoba. Fungu la mafunjo au matete hugawanywa kwa jembe, kila kipande kikiwa na mzizi na chipukizi. Vipande hutolewa kidogo kidogo katika mafungu kadhaa ili chanzo kisiharibiwe. Mizizi huoshwa kwanza, isije ikabeba gugu maji, mmea wa kigeni uliolisumbua Ziwa Victoria tangu miaka ya 1990.

Ya kuepuka

Miti haipandwi juu ya tuta linalozuia maji, kwa kuwa mizizi yake hutoboa njia za kuvuja. Mikaratusi hunywa maji mengi, na mathenge huenea hadi kuziba njia za mifugo. Yote miwili ni ya kigeni.

Mifugo na mbu

Miche mingi hufa kwa kukanyagwa. Ukingo huzungushiwa ua wa miiba, na mifugo huachiwa njia moja ya kufikia maji au hunyweshwa kwenye birika nje ya ua.

Wakazi wanaohofia mbu wana sababu, kwani matete yakifunga bwawa lote mbu hupata maficho. Kwa hiyo sehemu ya katikati huachwa wazi ili samaki na watoto wa kereng'ende wale viluwiluwi vya mbu. Matete hupunguzwa kila mwaka, makinda yakishatoka viotani.

Vikundi vinavyosimamia mabwawa vinahimizwa kuandaa vitalu vya miche mapema, kabla ya mvua kuanza.