ASALI YETU ISIHARIBIKE NYUMBANI
(Somo la kikundi)



Katika sehemu kavu za nchi yetu, kama vile Kitui, Baringo na Pokot Magharibi, asali ni mali. Mvua ikikosa na mahindi yakikauka, asali husaidia kulipa karo na kununua unga. Lakini wakati mwingine mnunuzi anafungua debe, ananusa, halafu anakataa. Asali inatoa povu na inanuka kama pombe! Watu husema ati nyuki wa mwaka huu ni wabaya. Sivyo. Mara nyingi nyuki walifanya kazi yao sawasawa, ila sisi tuliharibu wakati wa kuvuna au baada ya kuvuna.

Adui ni maji

Wazee wetu wanajua jinsi muratina inavyotengenezwa. Asali hutiwa maji, ikawekwa mahali penye joto mpaka ichache. Basi, asali yako ikiingiwa na maji, hata kama hukutaka, umeanza kutengeneza pombe. Asali nzuri ina maji yasiyozidi sehemu 20 katika sehemu 100. Tena asali iliyoachwa wazi huvuta unyevu wa hewani.

Mambo ya kufuata

1. Vuna asali iliyoiva. Sega lililoiva nyuki wamelifunika kwa nta. Kama sehemu kubwa bado iko wazi, liache mzingani. Usivune siku ya mvua.

2. Tenganisha masega. Yale yenye majana, yaani watoto wa nyuki, yasichanganywe na ya asali. Majana yakikamuliwa pamoja na asali, itachacha upesi.

3. Chuja kwa kitambaa safi kilichokauka kabisa. Mikono na vyombo pia viwe vikavu. Acha asali itulie siku mbili au tatu ikiwa imefunikwa, kisha engua povu na nta iliyopanda juu.

4. Chagua chombo. Ndoo ya plastiki ya kuwekea chakula, au chupa ya kioo, inafaa. Debe lenye kutu halifai, maana asali ina asidi. Chombo kilichokuwa na mafuta ya taa au dawa ya mimea kisitumiwe kamwe, hata kikioshwa mara kumi.

5. Funga vizuri, andika tarehe ya kuvuna, weka mahali pakavu penye kivuli, mbali na jiko na jua.

Ikiganda je?

Asali ikiganda haijaharibika, wala si lazima iwe imetiwa sukari. Ni tabia yake. Weka chombo ndani ya sufuria ya maji ya moto ambayo mkono unaweza kuvumilia, ngoja iyeyuke polepole. Usiiweke moja kwa moja juu ya moto, kwani itapoteza harufu na ubora.

Angalizo kwa akina mama: mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali, hata kidogo. Inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo lake haliwezi kuvishinda.

Kazi ya kikundi

Lita moja ya asali ina uzito wa karibu kilo 1.4, kwa hiyo debe la lita 20 ni kama kilo 28. Zidisha kwa bei ya kwenu uone hasara. Mwanachama mmoja akileta chupa moja iliyochacha ikamiminwa ndani, jasho la watu wote limepotea. Kwa hiyo kila chombo kinuswe na kuonjwa mbele ya wote kabla ya kuchanganya. Hii si kudharauliana, ni kulindana.

Maswali ya kujadiliana

1. Asali yetu huingiwa na maji katika hatua gani?
2. Ni nani wawili watakaokagua asali kabla haijachanganywa?
3. Mwanachama akileta asali mbaya, tutamsaidiaje bila kumwaibisha?