Kupima Gesi katika Ombwe: Namna ya Kuondoa Ishara za Usuli

Majabali yaliyopandana juu ya vilima vya Buswelu, na yale yasimamayo kando ya ziwa mjini Mwanza, ni itale ya kale mno. Umri wake wapita miaka bilioni 2.5. Ndani ya itale mna urani na thoriamu kidogo. Atomu ya urani-238, katika safari yake ndefu ya kugeuka kuwa risasi, hutoa chembe alfa 8. Ile ya thoriamu-232 hutoa 6. Chembe alfa ikisha kunasa elektroni 2 huwa atomu ya heliamu. Hivyo miamba mikongwe ni ghala ya heliamu, na pale Bonde la Ufa linapoipasha moto, gesi hiyo hupanda pamoja na nitrojeni na kutoka katika chemchemi. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza kuwapo kwa hazina kubwa katika bonde la Rukwa. Baadhi ya gesi za huko zina heliamu ya kufikia takriban asilimia 10, hali hewa tuivutayo ina sehemu 5.2 tu katika milioni.

Asilimia hizo hujulikanaje? Kwa spektromita ya tungamo. Gesi kidogo huingizwa katika chumba cha ombwe, molekuli zake hupigwa na elektroni zitokazo katika waya wa moto, zikawa ayoni, na ayoni hizo hutengwa kwa kadiri ya tungamo zake. Heliamu huonekana kwenye 4, maji kwenye 18, nitrojeni kwenye 28, agoni kwenye 40.

Tatizo ni kwamba hakuna ombwe lililo tupu kabisa. Kuta za chuma hutoa maji na haidrojeni, waya wa moto hutoa kaboni monoksaidi, ambayo nayo huonekana kwenye 28 kama nitrojeni. Ishara hizi zisizotokana na sampuli ndizo tunazoziita usuli.

Mkulima wa pamba alijua jambo hili kabla yetu: gunia lenyewe lina uzito, na sharti upunguzwe. Lakini gunia lililopimwa kavu asubuhi, likinyeshewa mchana, si gunia lile tena. Chumba cha ombwe nacho ni vivyo hivyo. Sampuli inapoingia, molekuli zake huzibandua zile zilizokuwa zimegandamana na kuta, nao usuli hupanda. Wanafunzi wengi hutoa usuli wa kabla ya sampuli wakadhani kazi imekwisha.

Tuchukue mfano wa namba za kubuni. Kabla ya sampuli: kwenye 4 twasoma 3, kwenye 18 twasoma 400, kwenye 28 twasoma 60, kwenye 40 twasoma 1. Sampuli kavu ikisha kuingia: 17, 520, 1060 na 21. Sampuli ni kavu, lakini maji yameongezeka kwa 120! Maji hayo yametoka kutani, na ndiyo yanayotuonya kwamba usuli umehama.

Dawa yake ni kuingiza gesi nyingine isiyo na heliamu wala nitrojeni, kwa mfano agoni safi, kwa shinikizo lile lile la sampuli. Tuseme sasa kwenye 4 twasoma 5, na kwenye 28 twasoma 78. Hizo ndizo namba za kutoa. Heliamu ni 17 − 5 = 12; nitrojeni ni 1060 − 78 = 982. Agoni haiwezi kujisahihisha yenyewe, kwa hiyo twaiachia 21 − 1 = 20.

Yabaki jambo moja. Heliamu huwa ayoni kwa shida. Tukichukua kwamba chombo huiona kwa 0.15 tu ya kiasi kinavyoiona nitrojeni, na agoni kwa 1.2, basi heliamu ni 12 ÷ 0.15 = 80, na agoni ni takriban 17. Jumla ni 1079, na heliamu ni asilimia 7.4. Anayetumia usuli wa awali atapata 8.4, asiyetoa chochote atapata 9.5. Msomaji na ahakikishe mwenyewe. Tofauti hiyo si ndogo kwa nchi inayotaka kuamua kama kisima kichimbwe au kisichimbwe.

Hata hivyo, hesabu hii haiponyi sampuli iliyoharibika njiani. Oksijeni ikionekana kwenye 32 baada ya usuli kutolewa, yaelekea hewa iliingia chupani pale chemchemini. Nayo heliamu hupenya kioo polepole. Sampuli iliyokaa miezi katika chupa ya kawaida itasomeka pungufu, hata spektromita iwe bora namna gani. Ndiyo sababu wachukuaji makini hutumia mirija ya shaba, wakaibana ncha zote mbili kwa koleo papo hapo.