Kupima Programu za Kompyuta za Kufundishia Watoto

Mtoto wa miaka minane aliyezoea kumsaidia mama yake kuuza nyanya katika soko la Mwanjelwa, jijini Mbeya, hahitaji kuambiwa kwamba mnunuzi wa fungu la shilingi 700 akitoa noti ya shilingi 1,000 hurudishiwa shilingi 300. Mtoto huyo huyo akipewa kishikwambi chenye zoezi la kutoa 700 katika 1,000 aweza kukwama. Huenda alama ya kuendelea ni mshale mdogo pembeni ambao hajapata kuuona popote. Huenda sauti ya maelekezo husema mara moja tu, kisha ikanyamaza. Mwalimu asiyechunguza atasema mtoto hajui kutoa, kumbe asichokijua ni kishikwambi.

Kutumika kwa urahisi ni jambo moja, kufurahisha ni la pili, na kufundisha ni la tatu. Hakuna hata moja lililo ushahidi wa lingine.

Mwaka 1981 mtafiti Thomas Malone wa Marekani alichapisha matokeo ya majaribio yake juu ya Darts, mchezo wa kompyuta uliofundisha sehemu. Puto lilionekana kwenye mstari wa namba. Mtoto alikadiria namba ya mahali pake, na akipatia, mshale ulilipasua. Malone alitengeneza matoleo kadhaa, kila moja likiwa limepunguziwa kitu, ili ajue ni kitu gani hasa kilichowavuta watoto. Ilidhihirika kwamba wavulana walipenda mishale ipasuayo maputo, lakini wasichana kwa jumla hawakuipenda. Lau angaliuliza tu kama mchezo ni mzuri, asingaligundua hilo.

Swali hilo lina hila nyingine pia. Nchini Uingereza, Janet Read na wenzake walibuni kipimo cha nyuso tano, kuanzia ulionuna hadi unaocheka, ili mtoto aoneshe alivyofurahi. Watoto wadogo mno walielekea kuchagua uso unaocheka, programu iwe nzuri au mbaya. Mtoto aliyelelewa kumstahi mgeni hatazamiwi kumwambia kwamba kazi yake inachosha.

Jaribio kubwa la namna hii lilifanyika Tanzania yenyewe. Katika mashindano ya Global Learning XPRIZE, programu tano za Kiswahili zilipelekwa katika vijiji vipatavyo 170 vya Mkoa wa Tanga, na watoto karibu 3,000 wakajifunza kwa vishikwambi vilivyochajiwa kwa umeme wa jua, bila mwalimu. Kabla ya jaribio, zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Mwaka 2019 Kitkit School na onebillion ziligawana tuzo ya dola milioni 10. Ni mafanikio ya kweli. Hata hivyo nusu iliyobaki yastahili kuchunguzwa kwa bidii ile ile, kwa kuwa pasipo mwalimu mtoto aliyekwama hana wa kumwuliza.

Wanafunzi wa sekondari waweza kufanya uchunguzi mdogo wa aina hii, wazazi wakiridhia. Mtoto mmoja mmoja apewe kazi iliyo wazi, na mchunguzi aketi nyuma yake bila kumsaidia. Hili la kutosaidia ndilo gumu kuliko yote: mkono huwasha. Aandike kidole kiligusa wapi kwanza na uso ulikunjamana lini. Programu inayosikiliza usomaji ichunguzwe kwa uangalifu zaidi, maana mtoto ambaye lugha ya nyumbani kwao haitenganishi r na l aweza kuambiwa amekosea neno alilolisoma sawasawa.

Wiki moja baadaye kishikwambi kifichwe, na mtoto aulizwe hesabu zile zile kwa punje za maharage.